Kaburi lililowachanganya wataalamu Olduvai

Mwaka 1911 daktari Mjerumani Wilhelm Kattwinkel, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa malale, aliokota visukuku katika bonde moja ukingoni mwa Serengeti. Wamaasai waliliita Oldupai, jina la mkonge pori unaoota humo. Yeye akasikia Olduvai, na kosa hilo limeganda kwenye ramani hadi leo. Visukuku vilipofika Berlin vilizua gumzo, na mwaka 1913 akatumwa mwanajiolojia Hans Reck.

Reck aliyahesabu matabaka ya bonde hilo kuwa matano kutoka chini kwenda juu, na majina ya manne ya chini bado tunayatumia. Ndani ya tabaka la pili akakuta mifupa ya mtu karibu mzima, amekunjwa. Akashikilia kwamba mtu huyo aliishi zama moja na wanyama waliokwisha kutoweka ambao mabaki yao yamo kwenye tabaka hilohilo.

Kwa wengi, mkao ule tu ulitosha kutia shaka: maiti aliyekunjwa hivyo huwa amezikwa. Na anayezikwa hulazwa kwenye udongo mkongwe kuliko yeye. Ndiyo maana sisi wachimbaji wa mabaki ya kale hatutosheki na kujua mifupa imetoka kina gani. Tunakagua na udongo ulioifunika.

Mwaka 1931 Reck alirudi bondeni pamoja na mwanaakiolojia Louis Leakey. Leakey aliweka dau la pauni 10 kwamba ataona zana za mawe kabla ya saa 24 kwisha, akashinda. Zilikuwapo tangu zamani, ila Reck alizoea zana za gumegume za Ulaya, na hizi ni za mawe ya volkano. Kuhusu ile mifupa, hata hivyo, Leakey naye alikubali kuwa ni ya kale sana.

Jibu lilitoka kwenye udongo ulioganda mifupani. Ulipochunguzwa, ulikutwa na vipande vyekundu vya tabaka la tatu, lililo juu ya la pili. Vingefikaje huko chini kama hakuna aliyechimba shimo kupitia tabaka hilo? Leakey akaifuta kauli yake.

Kipimo cha kaboni cha miaka ya 1970 kiliipa mifupa hiyo takriban miaka 17,000. Tabaka la pili lina zaidi ya milioni moja. Kufikia hapo sehemu kubwa ya kiunzi ilikuwa imepotea katika Vita Kuu ya Pili. Fuvu ndilo lililosalia, huko Ujerumani.