Bomba la hifadhidata si aktivu rekodi

Kijana mmoja hapa Wete alinionesha programu yake ya kupokelea karafuu. Ndani mna klasi (kiolezo cha kuundia obijekti, yaani vitu vya programu) aliyoiita Hifadhidata: anwani ya seva, nywila, na kitendo kimoja, uliza(), kinachomeza amri yoyote ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. "Hii ndiyo aktivu rekodi," akaniambia. Siyo, mwanangu. Hilo ni bomba tu la kupitishia maulizo, na si wewe peke yako unayelichanganya.

Aktivu rekodi (Active Record), mtindo wa kupanga programu alioueleza mwandishi Martin Fowler mwaka 2002, umesimama juu ya jambo moja: obijekti moja ni mstari mmoja wa jedwali. Una jedwali la wakulima? Basi iwepo klasi Mkulima. Mkulima::tafuta(7) inakuletea mkulima mwenye namba 7; mwite $m. Badilisha $m->shehia iwe Kangagani, kisha ita $m->hifadhi(). Obijekti yenyewe inatunga UPDATE, amri ya kubadilisha mstari, na kujiandika. Kama ni mpya, haina namba bado, inatunga INSERT, amri ya kuongeza mstari. Hata hesabu ya pishi alizoleta na anachodai inakaa humo humo, kwa sababu obijekti imebeba data pamoja na kanuni zake. Bomba lako halitupwi. Linakaa nyuma, klasi zote zinalitumia.

Sasa utamu wake una mwiba. Pitia wakulima 200 na kila mmoja umwitie mauzo(), kitendo cha kuleta mauzo yake: umeshatuma maulizo 201, moja la kuwaleta wakulima na moja kwa kila mkulima, wala hukuona hata herufi ya SQL. Yavute mauzo ya wote kwa ulizo moja, jumla ya maulizo iwe mawili.