Je, wajua mchumi asiye na jimbo anapataje kuwa waziri Tanzania?

Rais John Magufuli alipotangaza baraza lake la kwanza la mawaziri, Desemba 10, 2015, aliacha viti vichache wazi, kikiwemo cha Fedha na Mipango. Watu wakabashiri majina ya wabunge. Desemba 23 likatoka jina la Dk. Philip Mpango, mchumi ambaye hakuwa na jimbo wala kiti bungeni. Sasa, Ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania inasema mawaziri na manaibu wao wote watatoka miongoni mwa wabunge. Aliingiaje?

Mlango uko kwenye Ibara ya 66, pale inapoorodhesha aina za wabunge. Rais anaruhusiwa kuteua wabunge wasiozidi 10, na angalau watano kati yao wawe wanawake. Kwa hiyo mtu anaweza kulala akiwa mtumishi wa umma na kuamka mbunge, kisha akaapishwa kuwa waziri, bila kupanda jukwaani hata siku moja. Hata kadi ya chama haihitajiki: sharti la kuwa mwanachama na kupendekezwa na chama linamhusu mgombea wa jimbo, si mteule wa Rais. Ndiyo maana mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliweza kumteua James Mbatia, mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani. Mteule anatakiwa awe raia, awe ametimiza umri, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na asiwe amepatikana na hatia ya kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Hilo la mwisho sidhani kama lilimpa shida Mpango, maana alikuwa akitokea kwenye kiti cha mkusanya kodi mkuu wa nchi.

Wala si yeye wa kwanza kupita hapo. Saada Mkuya, aliyemtangulia kwenye Wizara ya Fedha, naye aliingia bungeni kwa uteuzi. Mwanajiolojia Sospeter Muhongo alipita hapo kwenda Nishati na Madini, Palamagamba Kabudi akatoka kufundisha sheria kwenda Katiba na Sheria, na Liberata Mulamula, mwanadiplomasia, akaenda Mambo ya Nje mwaka 2021.

Lakini mlango hauelezi kwa nini huyu na si mwingine. Wachumi wenye shahada ya uzamivu hatuna uhaba nao. Cha kuangalia ni ofisi alizopita. Mpango alifundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mchumi mwandamizi Benki ya Dunia, kisha akaongoza kitengo cha ushauri wa uchumi cha Rais. Akawa naibu katibu mkuu Wizara ya Fedha, halafu katibu mtendaji wa Tume ya Mipango. Kwenye ofisi hizi mtu anajulikana na watu wachache sana, ila hao wachache ndio wanaoteua. Siku Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipofika bandarini Dar es Salaam mwishoni mwa Novemba 2015 na kukuta sakata la makontena 349 yaliyodaiwa kupitishwa bila kulipiwa kodi, bosi wa TRA, Mamlaka ya Mapato, alisimamishwa, na aliyetajwa kukaimu ni Mpango. Hakukaa hapo hata mwezi mzima kabla ya uwaziri.

Akishaingia, mchumi anafanya nini ambacho mwanasiasa wa jimbo asingefanya? Chukua bajeti ya Juni 2017. Kila mwenye gari alikuwa akilipa ada ya mwaka ya leseni na kubandika stika kwenye kioo. Wakwepaji walikuwa wengi, na madeni ya magari mabovu yaliyolala uani yalizidi kukua kwenye mfumo. Mpango akafuta ada hiyo na kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwa hesabu za kodi ni pigo safi: mafuta hayakwepeki, unakusanya kwa waagizaji wachache badala ya kufukuzana na madereva barabarani, na anayetembea sana analipa zaidi. Wabunge walishangilia. Mimi ninachokumbuka zaidi ni hayo mafuta ya taa. Bibi wa kijijini anayewasha kibatari hana gari, hajawahi kudaiwa stika, na sasa naye anachangia. Serikali ilikuwa na hoja yake: mafuta ya taa yakiwa nafuu mno, wajanja huyachakachua na dizeli. Hoja ina mantiki, ila mbunge anayerudi kwa huyo bibi kuomba kura angesitasita zaidi.

Na hapo ndipo udhaifu wa mlango huu ulipo. Aliyeteuliwa hana watu wake. Yuko huru kusema hesabu isiyopendeza, lakini akipishana na mteuzi hana jimbo la kukimbilia. Nadhani Mpango alilijua hilo, kwani mwaka 2020 alikwenda kwao Buhigwe, Kigoma, akagombea na kushinda. Hakuutumikia ubunge huo sana. Magufuli alifariki Machi 2021, makamu wake Samia Suluhu Hassan akawa Rais, na kiti cha makamu kikabaki wazi. Kwa hali hiyo Katiba haiitishi uchaguzi: Rais hushauriana na chama chake, hupendekeza jina, na Bunge hulithibitisha. Machi 30 Spika Job Ndugai alisoma jina la Mpango, wabunge wote 363 waliopiga kura wakasema ndiyo, na kesho yake akaapishwa. Buhigwe wakarudi kwenye uchaguzi mdogo Mei hiyohiyo.

Wakenya wamegeuza kitasa upande wa pili. Katiba yao ya 2010 inakataza waziri kuwa mbunge, hivyo Profesa Njuguna Ndung'u, mchumi aliyekuwa gavana wa Benki Kuu, aliingia Hazina mwaka 2022 kwa kupendekezwa na Rais na kuhojiwa na wabunge tu. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, Rais William Ruto alivunja baraza na profesa hakurudi. Kiti kilikwenda kwa John Mbadi, mwanasiasa wa chama cha ODM, ambaye ilibidi kwanza auachie ubunge wake.