Mapitio ya kazi tangulizi katika uhandisi wa programu: maana yake na pa kuanzia

Mapitio ya kazi tangulizi ni uchunguzi wa yale ambayo watafiti wengine wamekwisha kuyathibitisha, kuyapinga au kuyaacha wazi kuhusu swali fulani, ili mtafiti mpya ajue kazi yake inaanzia wapi. Neno lenye uzito hapa ni swali. Wanafunzi wengi huandika sura ya pili ya tasnifu kama orodha ya majina na miaka, fulani alisema hivi na fulani akasema vile, na msomaji akafika mwisho bila kujua ni jambo gani lililokuwa likitafutwa.

Hapa Tanga nilikaa na binti mmoja wa shahada ya umahiri aliyekuwa ameandika katika daftari lake, "Programu za simu kwa wavuvi wa Deep Sea." Deep Sea ni soko la samaki la hapa Tanga. Hiyo ilikuwa mada, haikuwa swali bado. Nilipomuuliza ni nini hasa kinachomtatiza, alieleza kwamba nahodha huandika kiasi cha samaki akiwa baharini ambako hakuna mtandao, karani naye huandika hesabu yake mnadani, na taarifa hizo mbili hugongana zinapofika kwenye seva. Swali likajitokeza lenyewe: ni mbinu zipi zilizokwisha kupendekezwa za kuoanisha taarifa za programu za simu zinazofanya kazi bila mtandao, na mbinu hizo zilijaribiwaje? Samaki wametoweka katika swali hilo, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu aliyewahi kulishughulikia tatizo hili huenda alikuwa akiwaza zahanati za vijijini, wala hakuwahi kuona ngalawa.

Kutafuta ndiko kunakowachosha wengi, kwa kuwa istilahi za fani hii hazijatulia na jambo moja huitwa kwa majina matatu au manne. Andika visawe vyote kwa Kiingereza, lugha ambayo sehemu kubwa ya makala hizo imeandikwa, kisha uvijaribu katika kanzidata za makala za kitaaluma kama IEEE Xplore, ACM Digital Library na Scopus. Usiishie kwenye majarida peke yake, maana katika uhandisi wa programu makala za makongamano zina hadhi kubwa, na ICSE, kongamano la kimataifa la uhandisi wa programu lililoanza mwaka 1975, ni miongoni mwa yanayoheshimiwa zaidi. Ukipata makala chache zinazogusa swali lako barabara, fuata marejeo yake kurudi nyuma, kisha utazame ni nani waliozinukuu baadaye. Njia hii mtafiti wa uhandisi wa programu Claes Wohlin aliiwekea utaratibu wa wazi mwaka 2014. Ikisiri za fani hii mara nyingi hazisemi ya kutosha, kwa hiyo soma na hitimisho kabla ya kuitupa makala.

Yapo pia mapitio ya kimfumo, yaani yanayofuata utaratibu uliopangwa na kuandikwa mapema, ambayo Barbara Kitchenham wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, aliyachukua kutoka katika tiba na kuyaandikia mwongozo mwaka 2004, kisha akauboresha pamoja na Stuart Charters mwaka 2007. Hatua zake kuu ni kupanga, kutekeleza na kuripoti. Mwanafunzi anayeanza si lazima ayafanye kwa ukamilifu wake, lakini namsihi aazime jambo moja: kuamua mapema ni makala ya namna gani itaingia na ipi itaachwa, na kuandika kila alichokifanya.

Binti yule alifungua lahajedwali siku ileile, akaweka safu ya tarehe, ya kanzidata, ya maneno aliyotafutia, ya idadi ya makala zilizorudi, na ya mwisho kabisa, sababu ya kukataa. Msimamizi wake alipomuuliza baadaye kwa nini makala moja mashuhuri haimo, alishuka hadi mstari wa 19 akamsomea: "Inaeleza mbinu, haikuijaribu."