Mbwa aliyeumia diski ya mgongo: siku anapoonekana amepona ndiyo ya kuangalia

Asubuhi moja ya baridi ya Juni, mama mmoja wa Iyunga alishuka kwenye bajaji mbele ya kliniki yetu hapa Mbeya akiwa amembeba mbwa kwenye blanketi. Juzi yake mbwa aliruka kutoka barazani, akalia mara moja, akanyamaza. Kufikia jioni kucha za nyuma zilikuwa zinakwaruza sakafu, na kulipokucha hakuinuka. Jirani mmoja alishasema ni minyoo, mwingine akasema karogwa. Nilimsimamisha mbwa, nikaukunja unyayo wa nyuma hadi mgongo wa vidole ukalala sakafuni. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Huyu aliuacha palepale, akaendelea kunitazama, kama vile mguu ule ni wa mbwa mwingine.

Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna diski, kitu kama kimto: nje nyuzi ngumu, ndani ute mzito. Kwa mbwa wa miguu mifupi na mgongo mrefu, kama Dachshund na Pekingese, pamoja na machotara wao, ute huo huanza kukauka mapema sana, hata kabla mbwa hajatimiza miaka 2, na wakati mwingine hugeuka kama chokaa. Siku akiruka vibaya, au hata akijinyoosha tu, ute hupasua nyuzi na kufyatuka juu, kwenye mfereji wa neva. Mara nyingi hutokea pale mbavu zinapoishia na kiuno kuanza. Mbwa wakubwa wenye umri, hasa wenye damu ya German Shepherd ambao wamejaa kwenye mageti ya Mbeya na Iringa, wao diski hutuna polepole, kwa miezi, na mwenyewe hudhani ni uzee.

Hapa niseme jambo moja kabla hujamshika. Si kila mbwa anayelemaa ana diski. Bodaboda huvunja migongo mingi. Na kichaa cha mbwa kina sura ya kimya, ambapo mnyama hulegea bila kumkimbiza mtu. Kama mbwa hana chanjo, sauti imebadilika, taya limelegea, udenda unatoka na hamezi, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Akishakung'ata, au mate yakigusa kidonda, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.

Kwenye kliniki tunabana kidole cha nyuma kwa nguvu kidogo. Wenye mbwa hufurahi wakiona mguu umevutwa, lakini mguu huweza kujivuta wenyewe bila taarifa kufika kwenye ubongo. Tunachosubiri ni ageuze kichwa, alie, au atake kung'ata. Akifanya hivyo, matumaini ni makubwa hata kama hatembei. Asipohisi kabisa, hiyo ni dharura ya saa, maana hata akifanyiwa upasuaji ni karibu nusu tu ya mbwa hao wanaotembea tena. Upasuaji wenyewe unataka kwanza kipimo kinachoonyesha ndani ya mfereji wa neva, na eksirei ya kawaida haionyeshi. Kwa familia nyingi za huku kwetu safari na gharama hizo hazibebeki, kwa hiyo matibabu ni kizimba.

Kizimba maana yake kizimba. Kufungwa mnyororo uani hakutoshi, wala kuachwa chumbani ambako atarukia kochi. Kwa mbwa wa wastani, mita 1 kwa sentimita 70 inatosha: asimame, ageuke, alale, basi. Fundi yeyote atakipiga kwa mbao za paina, na huku Nyanda za Juu Kusini hazitupigi chenga. Chini weka godoro kuukuu lililovishwa mfuko wa nailoni, juu yake kitambaa cha kufua. Maranda peke yake hapana, hugandana na mkojo na kuchubua ngozi. Atakaa humo wiki 4 kwa uchache, mara nyingi 6, akitolewa kwa kamba kwenda haja na kurudi. Kumbeba ni mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja chini ya makalio, mgongo ukiwa sawa. Kumnyanyua kwa kwapa kama mtoto ndiko kunakoharibu.

Tatizo huja kwenye siku ya kumi hivi. Dawa imetuliza maumivu, mbwa anatikisa mkia, anabweka akisikia hatua barabarani, na baba mwenye nyumba anakumbuka kwamba getini hakuna mlinzi. Anafungua usiku mmoja tu. Nyuzi za diski wakati huo bado hazijashikana, na maumivu yaliyokuwa yakimzuia mbwa kuruka hayapo tena. Mbwa niliowaona wakirudi wamelemaa zaidi ya mwanzo, wengi wao walifunguliwa katika siku hizo. Ukitaka ulinzi, weka kizimba karibu na dirisha. Sauti yake haijaumia.

Dawa apewe kwa kipimo cha daktari, baada ya kula. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa za binadamu hutoboa tumbo la mbwa na kuumiza figo. Panadol nayo si ya kujipimia. Na kama mtu alishamchoma kijijini sindano ya deksa (deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe), tuambie, usione haya: deksa ikichanganywa na dawa nyingine za kutuliza uvimbe, mbwa anaweza kuharisha damu.

Watu huwaza miguu, wakasahau kibofu. Mwenye mbwa ananiambia, "Daktari, huyu anakojoa vizuri, kila saa kitambaa kimelowa." Nikimgusa tumbo nakuta kibofu kimejaa kama chungwa kubwa, mkojo unafurika tu kwa kukosa nafasi. Mkojo ukilala humo unaoza, na misuli ya kibofu ikinyooshwa sana haijikunji tena vizuri. Kinatakiwa kukamuliwa mara 3 au 4 kwa siku. Mbwa akiwa amesimamishwa au amelala ubavu, weka viganja pande zote mbili za tumbo, mbele kidogo ya mapaja. Utakisikia kikiteleza kama puto lenye maji. Bana taratibu kuelekea nyuma, ongeza nguvu kidogo kidogo, subiri, mkojo utoke kwa mkondo hadi uishe. Kikigoma, acha. Kulazimisha kunaweza kukipasua. Usijifunze hili kwa kusoma: njoo, tutakushika mikono yako juu ya tumbo la mbwa wako hadi uzoee. Mkojo ukinuka vikali, ukiwa na damu au mawingu, mlete.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 4 hadi 6, la sivyo vidonda vya kulalia vitatokea kwenye nyonga.

Baridi yetu nayo ina mambo yake. Usiku wa Juni na Julai Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Makete au Njombe ni zaidi, huku mbwa aliyelemaa hawezi kujikunja mkia puani. Mwingizeni ndani. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwenye taulo nene na isigusane na miguu ya nyuma, kwa sababu ngozi isiyohisi huungua bila mbwa kusogea. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa mnalijua, linaua watu na mbwa pamoja.

Mazoezi yasubiri ruhusa, kwa kawaida baada ya wiki 2. Akiwa amelala ubavu, kunja na kunjua kila kiungo cha mguu wa nyuma polepole, mara 10 hadi 15. Kisha pitisha kanga chini ya tumbo, shika ncha zote mbili juu, msimamishe kwenye nyasi kwa dakika 2 au 3. Kwenye vigae atateleza. Akianza kutembea, anza na dakika 5 kwa kamba ya kifuani badala ya mkanda wa shingo, uongeze dakika 5 kila wiki. Ugali upunguzwe. Mbwa asiyekimbia huongezeka kilo haraka, na kila kilo inabebwa na mgongo uleule.

Yule wa Iyunga aliinuka mwenyewe wiki ya tano. Anatembea akiyumba kiuno kama aliyetoka kilabuni, na kwenye ngazi tatu za baraza fundi amepiga mteremko wa mbao, juu yake wametandika zulia kuukuu asiteleze mvua ikinyesha.