Kiazi kisichobadilika uzito
Wengi tumefundishwa kwamba kipande cha kiazi kisipobadilika uzito ndani ya maji ya chumvi, osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli, imekoma. Haijakoma. Maji yanaingia na kutoka kwenye seli kwa kasi ileile, ndiyo maana mizani haionyeshi kitu.

Kata vipande vya sentimita 5 kutoka kiazi kimoja, bila ganda. Vipime uzito, kisha viloweke dakika 45: kimoja kwenye maji matupu, vingine kwenye chumvi gramu 5, 10, 20 na 30 kwa lita. Cha maji matupu hukakamaa. Cha gramu 30 hupindika kidoleni kama mpira. Pasipo na badiliko la uzito huwa karibu na gramu 10.

Kinachoharibu majibu zaidi ni ukaushaji wa vipande kabla ya kuvipima tena: tone lililobaki juu huhesabika kama maji yaliyoingia. Gusisha karatasi ya shashi tu, usikamue.