Pedi za mashindano hazisimamishi gari la kila siku upesi zaidi

Imani ya miaka mingi ni kwamba ukifunga pedi za breki za mashindano (vibao vinavyobana diski ya gurudumu), gari litasimama upesi zaidi barabarani. Sivyo. Kama pedi za kawaida zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki), kikomo kimeshakuwa mshiko wa tairi kwenye lami, na pedi kali haiongezi kitu.

Tofauti ni joto. Pedi ya barabarani hushika ikiwa baridi. Ikizidiwa na joto la uwanja wa mbio, pedali ya breki hubaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Ya mashindano huvumilia joto hilo, ila ikiwa baridi hushika kidogo, hupiga kelele na kula diski. Breki ya kwanza ya asubuhi ndiyo ya kuogopa.

Pedali ikizama hadi chini, usilaumu pedi: mafuta ya breki yamechemka. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya huvumilia angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 155.

Mwenye gari moja kwa barabara na mbio abebe seti mbili za pedi, abadilishe uwanjani. Baada ya mizunguko mikali asiegeshe huku amekanyaga breki: pedi ya moto huacha alama kwenye diski, na baadaye usukani hutetemeka.