Chakula Kinaenda Wapi? Kotikosteroni na Kuku wa Nyama

Februari, Kibaha, saa 8 mchana. Mama mmoja mfugaji aliniita kwa sababu kuku wake walikuwa na siku 35 na mnunuzi amewakataa kwa udogo. "Daktari, mchana wananisusia kidogo, lakini usiku wanakula. Hicho chakula kinaenda wapi?" Juu ya ndoo palikuwa na pakiti tatu za antibayotiki, zote zimeshafunguliwa.

Nilipasua kuku wawili. Kidari kilikuwa kimekonda, mfupa wake unashikika. Lakini kuzunguka firigisi kulikuwa na mafuta mengi ya manjano, na ini limepauka. Mfugaji akiona hivyo hudhani ni chakula kibovu au ugonjwa. Mimi nilitazama kwanza banda: ukuta wa tofali hadi kifuani, bati tupu juu, kuku wamesongamana, midomo wazi, wote wanatweta.

Kuku hana tezi za jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na akizidiwa hana njia kubwa ya kulipunguza ila kutweta, maji yakauke kwenye njia ya hewa. Pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo anatweta sana na kupoa kidogo. Hapo ubongo unaamua kwamba kuna hatari. Adrenalini inatoka ndani ya sekunde chache. Kisha ubongo unaituma tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari inaziamsha tezi za adrenali zilizo mbele ya figo, nazo zinamwaga kotikosteroni. Kwa kuku homoni hii ndiyo inayofanya kazi ambayo kwetu binadamu hufanywa na kotisoli, homoni ya msongo.

Kwa saa moja au mbili kotikosteroni ni mwokozi. Kuku aliyekimbizwa na paka anahitaji sukari haraka, na homoni hii inampatia. Balaa huanza hatari isipoondoka, siku baada ya siku. Mwili unaendelea kutafuta sukari, na unaitafuta kwenye msuli. Protini ya kidari inavunjwa, ini linaigeuza kuwa glukosi, yaani sukari ya damu. Hata akiwa mzima kuku ana glukosi inayopita miligramu 200 kwa kila desilita ya damu, kiwango ambacho kwa mtu tungekiita kisukari. Sasa inapanda zaidi. Insulini nayo hupanda, lakini msuli hauitikii vizuri. Glukosi iliyokosa pa kwenda inageuzwa mafuta, na kwa ndege kazi hiyo hufanywa hasa na ini, ndiyo maana niliona ini limepauka na tumbo limenona juu ya kidari kilichokonda.

Naitrojeni ya protini iliyovunjwa lazima itoke mwilini, na kwa kuku inatoka kama asidi ya yuriki, ule weupe wa kinyesi. Hili ndilo jibu nililompa mama: sehemu ya soya na dagaa aliyonunua kwa fedha nyingi ilikuwa chini, kwenye maranda. Na maranda yakilowa hutoa amonia, amonia inawasha macho na mapafu, kuku anazidi kusumbuka, homoni inazidi kumwagika.

Kinga ya mwili nayo huliwa. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye alieleza kwamba panya waliosumbuliwa kwa njia mbalimbali walikuwa na adrenali zilizovimba na thaimasi, tezi ya kinga ya mwili, iliyosinyaa. Kwa kuku husinyaa pia bursa ya Fabricius, kifuko kilicho juu ya njia ya haja, ambamo seli za kutengeneza kingamwili hukomaa. Virusi vya Gumboro, ugonjwa wa kuku, navyo hushambulia bursa hiyohiyo. Kuku akichanjwa wakati bursa imesinyaa, chanjo haishiki vizuri, kisha tunamlaumu aliyeuza chanjo.

Kupima kotikosteroni yenyewe ni kazi ngumu, maana kumkamata tu kuku kunaipandisha ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mimi huchukua tone la damu na kuhesabu kwa hadubini aina mbili za seli nyeupe za damu, heterofili dhidi ya limfosaiti, uwiano unaobadilika polepole. Watafiti Gross na Siegel mwaka 1983 walipendekeza uwiano wa 0.2 uwe msongo mdogo na 0.8 msongo mkubwa. Nimekuwa nikitumia vipimo hivyo tangu nianze kazi, na sijaona kingine cha bei nafuu kinachonisaidia hivyo shambani.

Antibayotiki haiwezi kuituliza tezi ya adrenali. Inaniuma kuona mfugaji anatumia fedha yake ya mwisho kununua dawa ambayo kuku hakuihitaji, tena siku chache kabla nyama haijafika mezani kwa watoto wa watu.

Tulichofanya ni hiki. Vyombo vya chakula viliondolewa kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, kwa sababu kusaga chakula kunaongeza joto mwilini. Kuku wakala usiku, taa ikiwa imewashwa kwa saa kadhaa. Tuliweka vitamini C kwenye maji. Kuku huitengeneza mwenyewe, lakini kwenye joto kali haimtoshi. Kundi lililofuata aliweka kuku 8 kwa kila mita ya mraba, akashusha ukuta hadi magotini na kumalizia kwa wavu.

Kilichobaki ni tangi la maji. Lilikuwa jeusi, limekaa juani, na nilipoweka mkono chini ya bomba niliuondoa upesi. Kuku walikuwa wanapewa maji ya moto wakati wa joto kali. Jioni ileile kijana wake alipanda na makuti, akalifunika.